Nasaha za Nyumbani: Khofu ya Kunenepa Isikuzuie Kuacha Tumbaku

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wetu wapenzi, wake kwa waume, na hasa nyinyi vijana: mwezi huu tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo husemwa kwa sauti ya chini barazani na jikoni, wala halisikiki sana juu ya mimbari. Wako watu wengi wanaojua vyema kwamba sigara inawaangamiza, na wanatamani kuiacha, lakini huzuiwa na neno moja tu, nalo ni hili: "Nikiiacha nitanenepa." Na wako vijana, wa kike na wa kiume, ambao khofu hiyohiyo ndiyo iliyowaingiza katika tumbaku tangu mwanzo. Wamesikia kwamba moshi hukata njaa na huufanya mwili kuwa mwembamba, wakaona hiyo ni njia nyepesi ya kupata umbo wanalolitaka.

Baadhi ya wanaonasihi hujibu khofu hiyo kwa kuikanusha. Humwambia mtu, "Hayo ni maneno ya shetani, hutanenepa hata kidogo." Jawabu hili si la kweli, na nasaha iliyojengwa juu ya neno lisilo kweli haisimami. Mtu aliyeacha sigara akaona nguo zinambana baada ya miezi mitatu atasema moyoni mwake, "Wamenidanganya katika hili, basi pengine wamenidanganya na katika yale mengine," kisha atarudi katika moshi. Bora tuieleze kweli yote kama ilivyo, kisha tuitie katika mizani.

KHOFU ILIYOFANYWA BIASHARA

Kwanza yafaa tujue kwamba khofu hii haikuachwa ikae mioyoni mwa watu peke yake, bali ilishikwa na wafanya biashara wakaitilia mbolea. Mwaka 1928, huko Marekani, kampuni ya American Tobacco iliyokuwa ikiuza sigara za Lucky Strike ilianza kuzitangaza kwa maneno ya kuwashawishi watu, na hasa wanawake, kwamba wanapotamani kitu kitamu basi wachukue sigara badala yake. Watengenezaji wa peremende na chakleti walighadhibika na wakalalamika. Siku zile mwanamke kuvuta sigara hadharani kulihesabiwa aibu hata katika miji mikubwa ya Marekani, na kampuni zilikuwa zikitafuta mlango wa kuingilia kwa wanawake. Mlango walioupata ni tamaa ya wembamba.

Basi binti anayedhani kwamba fikira ya kuvuta ili apunguze mwili ni fikira yake mwenyewe, na ajue kwamba fikira hiyo ilikwishanunuliwa na kuuzwa kabla hajazaliwa bibi yake.

NIKOTINI INAVYOFANYA KAZI MWILINI

Katika jani la tumbaku mna kitu kiitwacho nikotini. Mtu avutapo moshi, nikotini hupita katika mapafu ikaingia katika damu, na kwa muda wa sekunde 10 hadi 20 hivi huwa imekwisha kufika katika ubongo. Huko ubongoni mna chembe nyingi zenye milango midogo, na Mwenyezi Mungu ameiumbia milango hiyo ufunguo wake. Ufunguo huo ni kitu ambacho mwili hukitengeneza wenyewe, nacho wataalamu hukiita asetilikolini. Nikotini inashabihiana na ufunguo huo, kwa hiyo huingia katika kufuli kama mwizi aliyechonga ufunguo wa bandia, akawa anafungua na kuingia bila ya idhini ya mwenye nyumba.

Akishaingia, mwizi huyu hufanya mambo mengi, na mawili katika hayo yanahusu uzito wa mwili. La kwanza, huuchochea mwili uunguze chakula zaidi kuliko kawaida yake. Wataalamu wa Uswisi walichapisha uchunguzi wao mwaka 1986. Waliwachukua watu wanane wavutao, wakawapima kwa siku nzima ambayo walivuta sigara 24, na kwa siku nyingine ambayo hawakuvuta. Ikaonekana kwamba siku ya kuvuta mwili ulitumia nguvu zaidi kwa kiasi cha asilimia 10. La pili, nikotini huizima njaa.

Kwa muda mrefu watu walilijua jambo hili la njaa kwa kuliona tu, bila ya kujua sababu yake. Mwaka 2011 wataalamu wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, miongoni mwao Yann Mineur na Marina Picciotto, waliichapisha sababu hiyo katika jarida la Science. Hawakuanza kwa kutafuta habari za uzito, bali walikuwa wakichunguza mambo ya majonzi ya moyo kwa kuwapa panya dawa iliyo mfano wa nikotini. Wakaona kwamba panya waliopewa dawa ile wanakula chakula kichache kuliko wenzao. Walipofuatilia, wakakuta kwamba nikotini huziamsha chembe maalumu zilizomo katika sehemu ya ubongo inayotawala njaa na shibe, nazo ndizo zinazoupa mwili khabari kwamba umeshiba.

Na hapa ndipo inapoingia dawa ya kuzuia nikotini. Iko dawa ya zamani iitwayo mekamilamini, ambayo katika miaka ya 1950 ilitolewa kwa ajili ya kuteremsha shinikizo la damu. Dawa hii huiziba ile milango tuliyoitaja, hata nikotini ikija huwa haina la kufanya. Wataalamu wale walipowapa panya mekamilamini, ule uwezo wa kuwapunguzia hamu ya chakula ulizuiwa. Kwa uchunguzi huo likathibiti jambo kubwa: wembamba wa mvutaji hautokani na afya, wala na kujizuia, wala na mazoezi. Watokana na khabari ya uongo inayopelekwa ubongoni kwamba tumbo limeshiba ilhali halijashiba.

Basi mtu akiacha sigara, uongo ule hukatika, na mwili hurudi kudai haki yake. Njaa aionayo si maradhi mapya. Ni sauti ya mwili wake iliyokuwa imezibwa mdomo, na sasa imefunguliwa.

DAWA YA LEO NA UZITO WA MWILI

Mekamilamini haikuwa dawa ya kuacha sigara itumiwayo na watu wengi. Dawa iliyo mashuhuri leo katika jambo hili ni vareniklini, iliyopewa idhini huko Marekani mwezi wa Mei mwaka 2006, na katika nchi nyingi ikauzwa kwa jina la Champix. Asili yake ni kuigiza kitu kiitwacho sitisini, ambacho hupatikana katika mti wa Ulaya wenye maua ya rangi ya manjano, na ambacho huko Bulgaria kimeuzwa kuwa dawa ya kuacha sigara tangu miaka ya 1960. Vareniklini haiuzibi mlango kabisa. Huuingia na kuufungua nusu, kisha ikakaa hapo. Kwa ile nusu iliyofunguka, mtu hupata tuo dogo asiteseke sana kwa uchu. Na kwa kuwa imekalia mahali pa nikotini, sigara ikivutwa haileti ile ladha yake ya kawaida. Kwa kawaida mgonjwa huianza wiki moja kabla ya siku aliyoiweka ya kuacha, na huendelea nayo kwa wiki 12. Wengi hupata kichefuchefu, na wengine huota ndoto nyingi.

Dawa hii ilipata misukosuko. Mwaka 2009 serikali ya Marekani iliamuru itiwe onyo kali kwa sababu ya khofu kwamba huwaletea watu huzuni na fikira za kujiua. Kisha ukafanywa uchunguzi mkubwa wa watu zaidi ya 8,000, ambao khabari zake zilichapishwa mwaka 2016, na haukuonyesha kwamba dawa hiyo huzidisha mambo hayo kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Onyo lile likaondolewa mwisho wa mwaka huohuo. Katika uchunguzi huo, karibu watu 22 katika kila 100 waliotumia vareniklini walikuwa mbali na sigara mpaka wiki ya 24, na katika waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa kiasi cha 9. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia vareniklini katika orodha ya dawa muhimu.

Tazama hesabu hiyo vizuri, ewe ndugu. Dawa inasaidia, na kwa msaada mkubwa, lakini hata pamoja nayo wengi hawakufaulu kwa mara ya kwanza. Dawa ni fimbo ya kujikongojea, na miguu ni ya mwenyewe. Nia, subira na dua havina badala yake katika duka la dawa.

Je, dawa hii humzuia mtu asinenepe? Jawabu lilipatikana mwaka 2012, pale jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilipochapisha kazi ya wataalamu waliokusanya chunguzi 62 na kuzitazama kwa pamoja. Walikuta kwamba mtu aliyeacha sigara bila ya dawa yoyote huongezeka, kwa wastani, kilo 1.1 katika mwezi wa kwanza, kilo 2.9 ifikapo miezi mitatu, na kilo 4.7 ifikapo mwaka mmoja. Na waliotumia dawa za kuwasaidia kuacha, hali yao haikuwa mbali sana na hiyo. Lakini wastani si hukumu ya kila mtu. Katika kila watu 100 walioacha, 16 walipungua uzito, 37 waliongezeka chini ya kilo 5, 34 waliongezeka kati ya kilo 5 na 10, na 13 peke yao ndio waliopindukia kilo 10.

Hiyo ndiyo kweli, bila ya kuongeza wala kupunguza. Mwenye kuacha na ajitayarishie kilo nne au tano, na nyingi katika hizo huja katika miezi ya mwanzo. Si jambo la kukanushwa, wala si jambo la kutisha.

MTEGO WA KUTAFUTA YOTE MAWILI KWA KIDONGE KIMOJA

Wako waliosema: kwa nini isitafutwe dawa moja itakayomwachisha mtu sigara na papo hapo imkondeshe? Ilitafutwa. Kampuni ya Sanofi-Aventis ya Ufaransa ilitoa dawa iitwayo rimonabanti, ambayo huziba milango mingine ya ubongo, isiyokuwa ile ya nikotini, inayohusika na hamu na matamanio. Ilijaribiwa kwa wavutaji na kwa watu wanene, na matumaini yalikuwa makubwa. Mwaka 2006 Ulaya iliiruhusu kuwa dawa ya unene. Mwaka 2007 jopo la washauri huko Marekani likaikataa kwa kauli moja. Mwezi wa Oktoba 2008 Ulaya nayo ikaisimamisha, na mwaka 2009 idhini yake ikaondolewa, kwa sababu iliwaletea baadhi ya watu huzuni nzito na fikira za kujiua. Aliyetaka kuizima hamu ya chakula kwa nguvu akajikuta ameizima pamoja nayo furaha ya moyo.

Tunalitaja jambo hili kwa kuwa siku hizi vijana wetu huuziwa mitaani, na katika simu zao, vidonge na chai za kukondesha ambazo hazijulikani zimetengenezwa na nani. Ikiwa dawa iliyopita mikononi mwa wataalamu wa Ulaya nzima ilionekana baadaye kuwa na khatari kiasi hicho, je, hiyo ya kificho itakuwaje?

MIZANI YA SHARIA

Maulamaa wetu waliotangulia walikhitalifiana juu ya tumbaku ilipoingia katika nchi za Waislamu, kwani wakati ule madhara yake yalikuwa hayajajulikana. Leo madhara hayo hayana shaka. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba tumbaku huua hata nusu ya wale wanaoitumia bila ya kuacha, na kila mwaka huondoa roho za watu zaidi ya milioni 7. Kwa ajili hiyo maulamaa wengi wa zama zetu wameiharimisha, nao hutegemea yale aliyotukataza Mwenyezi Mungu katika Sura ya Baqara, kwamba tusijitie kwa mikono yetu katika maangamizo.

Wanafunzi wetu wa fiqhi hufunzwa kwamba madhara mawili yakikutana na hapana budi kubeba moja, hubebwa lililo jepesi ili kuliondoa lililo zito. Basi tuweke kilo tano katika upande mmoja wa mizani, na upande wa pili tuweke saratani ya mapafu, kiharusi na maradhi ya moyo. Na wataalamu wamekwisha kuipima mizani hiyo. Mwaka 2018 ilichapishwa huko Marekani khabari ya uchunguzi wa watu zaidi ya 160,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Ilionekana kwamba walioacha sigara wakanenepa walikuwa katika khatari kubwa zaidi ya kupata kisukari kwa muda, na khatari hiyo ilifika kilele chake baina ya mwaka wa tano na wa saba, kisha ikateremka. Ama walioacha na wasinenepe, kwao khatari hiyo haikuzidi. Na katika jambo la mauti, walioacha walikuwa na faida juu ya walioendelea kuvuta, walionenepa na wasionenepa sawasawa.

Maana yake ni mbili, nasi tunazitaka zishikwe zote pamoja. Kuacha ni bora kwa hali yoyote ile, hata ukinenepa. Na baada ya kuacha yafaa uutazame mwili wako usiongezeke kupita kiasi, hasa ikiwa kisukari kimo katika ukoo wenu.

YA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, usianze kuacha sigara na kujikondesha kwa njaa siku moja. Vita viwili kwa wakati mmoja humshinda hata mtu hodari. Ishinde sigara kwanza, kisha ugeukie kilo.

Pili, tujue ni nini huingia mdomoni badala ya sigara. Mara nyingi ni chai ya sukari nyingi, maandazi, visheti na soda. Mkono uliozoea kushika kitu na upewe maji, karoti, tango, au mswaki, ambao pia ni sunna. Na katika chakula tukumbuke mafunzo ya Bwana Mtume (s.a.w.) ya kulipa tumbo theluthi yake, na kuacha theluthi kwa maji na theluthi kwa pumzi. Pumzi hiyo ndiyo ambayo mvutaji ameinyima haki yake miaka yote.

Tatu, tembea. Anayepanda gari kwenda msikiti ulio karibu na aende kwa miguu. Kifua kilichoondokewa na moshi kitamwitikia baada ya wiki chache.

Nne, Ramadhani ni fursa kubwa. Aliyeweza kustahimili tangu alfajiri mpaka magharibi amekwisha kujithibitishia kwamba anaweza. Khasara ni ya yule anayefuturu kwa moshi, na ya yule anayeacha moshi kisha akaifanya futari kuwa karamu ya kila usiku.

Tano, mke asimcheke mumewe kwa kitambi kilichomtoka baada ya kuacha, wala mume asimwambie mkewe neno la kumvunja moyo. Neno moja la mzaha laweza kumrudisha mtu dukani kununua pakiti. Semeni, "Alhamdulillahi, nyumba sasa haina moshi, na watoto wanapumua." Na mtoto asitumwe kununua sigara hata mara moja.

Sita, mabinti na vijana waambiwe wazi kwamba shisha, ugoro, tumbaku ya tambuu, na vile vifuko vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo, vyote vina mwizi yuleyule mwenye ufunguo wa bandia. Kubadilisha chombo si kuacha.

Saba, anayetaka dawa na aende kwa daktari. Vareniklini humhitaji daktari akitazame kipimo chake, hasa kwa mwenye maradhi ya figo. Na mama mjamzito asitumie dawa yoyote kwa ushauri wa jirani. Kutafuta dawa si upungufu wa imani, kwani Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake.

Ndugu zangu, mwili huu ni amana, na siku ya kuirejesha yaja. Mwenye amana hataulizwa kwa nini kanzu yake ilimbana kidogo mwaka ule alioacha tumbaku. Ataulizwa umri wake aliutumia katika nini, na mali yake aliitoa katika nini. Basi mwenye kukusudia na akusudie leo, aiweke siku, awaambie ahali zake wamsaidie, na amtegemee Mola wake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape nguvu wenye kuacha, awarejeshe walioteleza, na awalinde watoto wetu wasiionje kabisa. Amin.

Wabillahi taufiki.